Mshenga wa Gare du Nord

Les Deux Amis, yaani Marafiki Wawili, ilitoka mwaka 2015 na ndiyo filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na Louis Garrel. Ni vichekesho vya mapenzi vilivyochota wazo kwenye tamthilia ya Alfred de Musset ya mwaka 1833. Ukiitazama ukiwa Tandahimba, neno moja la Kiswahili linaifungua yote: mshenga.

Clément, mmoja wa wale wanaokodiwa kujaza umati kwenye filamu, anampenda Mona, muuza sandwichi katika stesheni ya Gare du Nord, Paris. Mona hamtaki. Clément anamwomba rafiki yake Abel, mlinzi wa maegesho ya magari, amsaidie. Abel anakwenda, na moyo wa Mona unamwelekea yeye.

Kwetu, mshenga huchaguliwa ili jambo hilo lisitokee. Mara nyingi ni mtu mzima mwenye ndoa yake, na posa huipeleka kwa wazazi, si kwa binti. Abel ni kijana mwenye sura na maneno. Mzee yeyote wa Tandahimba angeujua mwisho wake kabla picha haijafika nusu.

Lakini Mona ni mfungwa. Mchana anaruhusiwa kufanya kazi. Jioni lazima apande treni arudi gerezani. Marafiki hawa hawajui, wanamzuia kwa nguvu mpaka treni inaondoka. Kwao ni mzaha wa mapenzi. Kwake ni uhuru wake unaopotea. Hapo kicheko kinakukwama kooni, na uso wa Golshifteh Farahani unabeba mzigo ambao wanaume wawili hawauoni.

Kasoro ni kwamba filamu nayo inachoka kumtazama. Kila mara inarudi kwenye swali la nani kamsaliti nani, na hata jina lake linahesabu watu wawili tu. Tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Clément na Abel wanafaana sana, ila dhiki kubwa kuliko zote usiku ule ni ya Mona, na wao ndio wameileta.

Tusiwacheke Wafaransa haraka. Ushenga wetu una adabu inayolinda urafiki wa wanaume na heshima ya koo mbili. Binti naye yuko chumba cha ndani, anasikiliza sauti za sebuleni, akingoja kuambiwa walichokubaliana.