Meza Sita, Hadithi Moja

Mchezo wa kuigiza mezani ukichezwa nyumbani hauna ugumu mwingi. Watu watano wanakaa, mmoja anasimulia ulimwengu, wengine kila mmoja anabeba mhusika wake na kusema atakachofanya, na pale jambo linapoweza kufaulu au kushindikana, dadu inatupwa. Usiku ukiwa mrefu mnaendelea hadi kuche. Mhusika akifa mnaunda mwingine. Kongamano linaondoa raha hizo zote kwa mpigo. Wanaokaa pamoja hawajuani, saa ni chache, meza ni nyingi, kila msimulizi ana ulimi wake, na jioni lazima mtu aulize ni meza ipi iliyocheza vizuri kuliko zote.

Nilisimulia meza mojawapo katika kongamano dogo la aina hiyo hapa Kakamega, kwenye ukumbi wa kukodi usio mbali na barabara ya Mumias. Kumbukumbu nilizotoka nazo ni tele, lakini zinazostahili safu hii ni zile zinazojibu swali moja: hadithi moja iligawiwaje meza sita bila kugeuka hadithi sita?

Swali hilo lina takriban nusu karne. Dungeons & Dragons, mchezo ulioanzisha fani hii, ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kongamano la Gen Con lilikuwa limetangulia: Gygax aliliitisha mwaka 1968 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, akakodi ukumbi kwa dola 50 kwa ajili ya wapenzi wa michezo ya vita vya mezani. Leo Gen Con hufanyika Indianapolis, na mwaka 2023 ilivuta watu zaidi ya 70,000. Lakini kwa mtu anayetaka kujua ufundi ulivyozaliwa, mwaka wa kuangalia ni 1975, kongamano la Origins mjini Baltimore, Gygax alipopeleka hadithi iitwayo Tomb of Horrors ichezwe kama mashindano.

Hadithi yenyewe ni kaburi lililojaa mitego. Kundi linaingia, na kundi linalofika mbali zaidi kabla ya muda kwisha au kabla ya kuangamia ndilo bora. Ilipochapishwa mwaka 1978 iliambatana na kijitabu cha picha ambazo msimulizi alipaswa kuwaonyesha wachezaji kila walipofika mahali fulani. Hapo pana werevu ambao watu wengi huupita bila kuuona. Msimulizi hodari akieleza chumba kwa maneno, sauti yake hupanda kidogo anapotaja kitu cha hatari, na mchezaji mwerevu hushtuka. Msimulizi mchovu hueleza chumba hicho hicho kwa sentensi mbili, na watu wake wanakufa. Picha haina sauti. Ukutani kuna sura kubwa ya kijani ya shetani, kinywa wazi, ndani giza tupu. Kila meza inaiona vilevile, na kila mchezaji anaamua mwenyewe kama atatia mkono. Anayetia mkono anaupoteza.

Kwa hiyo picha zilisawazisha wasimulizi. Kilichobaki kibovu, kwa maoni yangu, ni kipimo. Ukipima kwa umbali uliofikiwa, unawafundisha watu kutuma mhusika mmoja mbele afe ili wengine wajue mtego uko wapi. Huo ni uchezaji wa hesabu. Mazungumzo, ambayo ndiyo roho ya mchezo huu, yanakuwa kupoteza muda.

Waliofuata waliliona tatizo hilo. Mwaka 1979, kwenye Origins tena, Harold Johnson na Jeff Leason walileta The Hidden Shrine of Tamoachan, ambamo wahusika wanatumbukia chini ya hekalu la kale lililojaa hewa ya sumu na kulazimika kutafuta njia ya kutoka. Hewa ile ni saa. Mtu hahitaji kuambiwa aharakishe, kwa kuwa mwili wa mhusika wake unadhoofika kila anapokawia. Hadithi ilipochapishwa mwaka uliofuata iliambatana na mfumo wa alama, hivyo mwamuzi angeweza kuonyesha kila alama imetoka wapi. Kisha Gen Con ya 1980 ikaleta mfululizo wa hadithi nne kuhusu wauza watumwa, uliochezwa kwa wahusika tisa walioandaliwa mapema. Ile ya nne inaanza wahusika wakiwa mateka waliopokonywa silaha, mavazi ya vita na kila kitu. Nauona uamuzi huo kuwa wa kijasiri kuliko yote ya kipindi kile. Kwa sentensi moja ya mwanzo, tofauti zote za vifaa zimefutwa, na kila meza ya fainali ina akili, ulimi na mikono mitupu.

Waandaaji wetu wa Kakamega waliyachukua haya matatu: kitu kimoja ambacho meza zote zinakipokea kwa namna moja, saa iliyo ndani ya hadithi, na mwanzo usio na mali. Kisha wakayageuza, na mageuzi hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Hadithi yao haikuwa na kaburi wala joka. Mzee mmoja wa Isukha ameaga dunia, na alfajiri anatakiwa kuagwa kwa isukuti. Ngoma hizi huenda kwa seti ya tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma, na kwa Waisukha na Waidakho zinamfuata mtu tangu kuzaliwa, kutahiriwa na kuoa hadi kuzikwa. UNESCO iliiandika isukuti mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa hiyo hakuna aliyeona hadithi hii kuwa ndogo. Usiku huo seti imetawanyika. Kubwa imezuiwa na mtu anayemdai marehemu. Ya kati iko kwa wakwe. Ndogo imefichwa ukingoni mwa msitu na mtoto ambaye hataki babu yake azikwe. Wahusika sita wa familia wanatumwa kuzikusanya kabla ya kucha. Saa nne za mchezo ni sawa na usiku mzima, tangu magharibi hadi alfajiri.

Saa ilikuwa mpiga ngoma. Alikaa katikati ya ukumbi, na kila nusu saa alipiga. Msimulizi wa kila meza alikuwa na karatasi iliyosema nini kinatokea kwa mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mlio wa tatu, wageni wa upande wa wakwe wanafika matangani na hakuna wa kuwapokea. Mlio wa tano, mvua. Ngoma ilipolia, meza sita zilinyamaza kwa pamoja, na kwa pamoja zikarudi kwenye hadithi ambayo sasa imesogea. Hewa ya sumu ya Tamoachan ni hesabu ya kila meza peke yake, na msimulizi asiyekuwa makini anaweza kuisahau. Ngoma ya ukumbi mzima haisahauliki. Inamsaidia pia msimulizi dhaifu, kwa maana hata kama meza yake imekwama kwenye ubishi wa nani abebe taa, mlio unaofuata unaiondoa pale. Tena inafanya kazi ile ile ya picha za Gygax: haina upendeleo wa sauti ya mtu.

Wazo la awali lilikuwa kurekodi mlio wa kila ngoma kwenye simu, ili wachezaji wautambue wanapoikaribia. Ukumbi ulilikataa. Chini ya mabati, simu ya meza ya pili inasikika meza ya tano, na fumbo la mmoja linakuwa jibu la mwingine. Waandaaji waliliondoa asubuhi hiyo hiyo na kumwachia mpiga ngoma kazi yote. Anayepanga kitu kama hiki ashike hilo: katika ukumbi wa wazi, siri iwe ya karatasi, na sauti iwe ya wote.

Lakini ufundi uliozidi yote ulikuwa kwenye karatasi za wahusika. Karatasi ya kawaida ya Dungeons & Dragons hukupa nguvu, wepesi, akili, na aina ya mhusika, kama mpiganaji au mchawi. Mgeni anayekaa mezani kwa mara ya kwanza huzitazama namba hizo na hajui aseme nini. Karatasi zetu zilikuwa na namba tatu tu. Nafasi iliyobaki ilieleza undugu. Wewe ni kukhu, yaani nyanya, dada wa marehemu. Huyu ni mjukuu wako. Yule ni mkwe, na hamtazamani usoni. Huyu shemeji unaruhusiwa kumtania hata msibani. Mkenya wa magharibi akisoma mistari hiyo anajua mara moja asimame vipi, aanze na nani, na nini hakisemwi. Hakuna aliyehitaji kufundishwa kuigiza.

Kwenye meza yangu msichana aliyemaliza kidato cha nne alipewa kukhu, na mhadhiri mwenye mvi akapewa mjukuu. Hawakuwa wamewahi kuonana. Dakika chache za mwanzo msichana alimwita "mwalimu" kila mara, na mhadhiri akawa anamkatiza. Mlio wa kwanza ulipopita, mhadhiri alitaka kwenda moja kwa moja kwa mdai na pesa mkononi. Msichana akaweka karatasi yake chini, akamwambia, "Mjukuu wangu, deni la kaka yangu halilipwi usiku na mtoto. Kaa." Mhadhiri alinitazama kana kwamba mimi ndiye nitakayeamua. Karatasi yake ilikuwa imeandikwa kwamba mjukuu hapingi neno la kukhu mbele ya watu. Akakaa, kisha akasema, "Kukhu, naomba niseme neno moja." Tangu hapo meza ilienda yenyewe. Dadu ilitupwa mara chache sana, na kila ilipotupwa ilikuwa na uzito.

Undugu ulioandikwa hivyo ni kanuni kamili ya mchezo, sawa na ile isemayo upanga unaumiza kiasi gani. Inasema nani anaweza kufanya nini na kwa gharama gani. Mjukuu alikuwa na njia ya kumpinga kukhu, iliyoandikwa wazi: amtafute faraghani, au apoteze heshima, mojawapo ya zile namba tatu. Bila njia hiyo undugu ungekuwa pingu, na meza nzima ingemsubiri mkubwa aamue. Heshima ilipungua, ilirudi, na kwa wachezaji wengine iliisha kabisa kabla ya mlio wa sita.

Utoaji wa alama ndio ulioniacha sijaridhika. Chama cha wachezaji cha RPGA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1980, kilizoeza watu kupigia kura mchezaji bora mezani, na hapa kwetu kila aliyepitia tamasha za maigizo za shule anamjua mwamuzi anayesimama mwishoni na kueleza mbele ya wote alama zimekwenda wapi na kwa nini. Waandaaji walichagua karatasi ya alama inayopima uamuzi: alama kwa kila ngoma, kwa kumpata mtoto bila kumtisha, kwa kuwapokea wageni wa wakwe. Ni bora mara nyingi kuliko kupima nani hakufa. Hata hivyo meza moja ilipata ngoma mbili, ikagundua kwamba marehemu alikuwa amemdhulumu mdai, na ikaamua kumwachia ile kubwa hadi ukoo umlipe. Alfajiri yao ilikuwa na isukuti pungufu na ukweli uliosemwa mbele ya jamaa. Karatasi iliwanyima alama za ngoma ya tatu. Meza nyingine ilikusanya zote tatu bila kumuuliza mdai swali lolote, ikashinda.

Naliona kuwa kosa la kipimo, na linarekebishika. Uamuzi upimwe kwa kile wahusika walichokuwa wamekijua walipoufanya. Msimulizi ana dakika ya kuandika baada ya kila mlio, maana meza zote zimenyamaza. Aandike mambo mawili: wamejua nini, wameamua nini. Mwisho wa mchezo kurasa hizo za meza sita ziwekwe bega kwa bega, mlio kwa mlio, na mwamuzi mmoja azisome kwa sauti kabla ya kutaja mshindi. Hadithi ikirudiwa, ile nafasi ya alama za "ngoma kubwa" igawanywe mara mbili, nusu kwa kuipata na nusu kwa kujua kwa nini ilizuiwa, na meza inayoiacha kwa sababu hiyo ipewe zote.