Huzuni Siyo Toni

Mwanafunzi wa fasihi akipewa shairi la maombolezo na kuulizwa toni yake, huandika upesi: huzuni. Akiulizwa hali inayotawala, anaandika tena: huzuni. Basi, alama zinatolewa, kazi imekwisha. Mimi naona uhakiki wa namna hiyo umeishia mlangoni. Huzuni ni hali inayoifunika hadhira. Toni ni msimamo wa sauti ya msanii mbele ya jambo analolisema. Viwili hivi huweza kuandamana, na huweza kuvutana.

Tuchukue msiba usiohitaji utangulizi kwetu Kemondo. Tarehe 21 Mei, 1996, MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia bandari yetu, ilipinduka na kuzama ikikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa peke yao, kwa hesabu inayotajwa na wengi, walizidi 800. Anayetunga juu ya tukio hili, kwa Kiswahili au kwa Kihaya na nanga mkononi, anaikuta huzuni imekwisha tandikwa. Kilichobaki mikononi mwake ni toni.

Hebu tazama vitenzi. Akisema "meli ilizama", tendo halina mtendaji. Ni kama jua lilivyozama. Akisema "tumefiwa", kauli ya kutendewa inatuweka sisi waombolezaji mbele, na msababishaji hayumo kabisa. Akiongeza ule usemi wa matangani, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, toni inakuwa ya kukubali, na papo hapo ushawishi umefanyika: msikilizaji hatauliza nani aliruhusu abiria wapite kipimo. Sasa mtunzi mwingine aseme "walijazwa" mahali pa "walipanda". Machozi ni yale yale, ila sauti inadai jibu.

Ebrahim Hussein aliuonyesha mvutano huu katika Kinjeketile (1969). Mwishoni hali ni ya kushindwa kabisa, mhusika yumo mikononi mwa Wajerumani, lakini anakataa kuyakana maji, kwa sababu anawatazama watakaozaliwa baadaye. Hali imeanguka, toni imesimama wima. Kumbe bado kuna wanaojibu "huzuni" hata hapo!

Wenzangu wengine watasema eti nawanyima wafiwa faraja. La. Mama aliyepoteza watoto ziwani ana haki ya usemi ule, na sithubutu kumsahihisha. Ninayemhoji ni msanii, maana yeye amechagua neno moja na kuliacha jingine, na watu wanamsikiliza.

Katika semina zetu nashauri tuanze kwa kupigia mstari vitenzi, kila kimoja tukiuliza mtendaji wake yuko wapi. Hisia zitajwe baadaye. Tuanze na mashairi ya MV Bukoba. Hayakosekani, hasa kila Mei inaporudi.