Uvumilivu wa Shaba

Nilipokuwa nikifundisha fizikia nilikuwa na swali moja nililolipenda sana katika mitihani ya kidato cha pili: kati ya shaba na alumini, ipi hupitisha joto vizuri zaidi? Aliyejibu alumini alikosa alama, na mara nyingine nilimtania mbele ya wenzake. Sasa nimestaafu na kurudi kwetu Magole, na swali lile lile limenifuata hadi uzeeni. Safari hii halikuja katika karatasi bali chini ya boneti la gari, na aliyekosa alama ni mimi mwenyewe.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Msomaji kijana huenda hajapata kuliona. Ni gari dogo la mbio, la milango miwili, lenye boneti refu na injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 1969. Sisi wa rika langu hatuwezi kulisahau, kwa kuwa ndilo aliloshindia Edgar Herrmann mashindano ya East African Safari mwaka 1971, na ndilo aliloshindia Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973. Marehemu kaka yangu alilipata la kwake mkononi mwa mtu mwaka 1979, akalitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa, na alipofariki likawa langu. Wengine hurithi mashamba. Mimi nilirithi gari lisilo na nafasi hata ya kupakia gunia moja la mahindi.

Magole iko kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, jirani na Dumila, pale inapochepuka njia ya Kilosa. Huku ni bondeni, na joto letu halihitaji maelezo. Ukielekea Dodoma, haupiti muda mrefu kabla ya kuanza kupanda milima kwenda Gairo. Mtu anayetaka kujua afya ya rejeta yake hana haja ya kipimo. Apande huko mchana wa Novemba. Mimi nilipanda. Katikati ya mwinuko gari likachemsha, nami kwa ukaidi nikaendelea kidogo nikitafuta kivuli cha kuegesha. Kidogo hicho kilinigharimu karibu robo ya kiinua mgongo changu, kwa sababu silinda hedi ilipinda.

Fundi wetu wa rejeta ni mzee anayefanya kazi chini ya mwembe, na tangu nilipoanza kuwa na gari hapa ndiye anayeniokoa. Alifungua rejeta ya kaka yangu, akayabandua matangi ya juu na chini kwa moto, akanionyesha mirija iliyozibwa na ukoko mweupe mfano wa ule unaoganda ndani ya birika la chai.

"Mwalimu," aliniambia, "hii nimeiziba mara ngapi? Naweza kuiziba tena. Lakini imechoka."

Wakati huo huo mpwa wangu aliyeko Muscat alisikia msiba wangu akanipigia simu. "Mjomba, achana na hayo makopo ya kizamani. Nitakununulia ya alumini." Akanitumia kwa simu picha za vipeperushi viwili vya wauzaji, ambao sitawataja. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya uhakiki ninayotaka kuieleza, maana nilivisoma vipeperushi vile kama nilivyozoea kusoma insha za wanafunzi, kalamu nyekundu mkononi.

Kipeperushi ni mshenga. Mshenga husifia kimo cha bwana arusi na ukoo wake, wala hasemi habari za madeni. Dai la kwanza lilikuwa kwamba alumini hupooza kuliko shaba. Nilicheka kwa sauti. Shaba nyekundu hupitisha joto kwa kiwango cha karibu 400 katika vipimo vya wanafizikia, ilhali alumini safi haifiki 240, na ile ya mchanganyiko iko chini zaidi. Nikamwandikia mpwa wangu kwa kejeli kwamba muuzaji wake angefeli kidato cha pili.

Lakini ualimu una desturi moja njema: kabla hujampa mtu sifuri, unasoma jibu lake mara ya pili. Nilichukua ile rejeta iliyobanduliwa nikaiangalia kwa makini. Mapezi yake, yaani vile vibati vyembamba vilivyokunjwakunjwa katikati ya mirija, ndiyo ya shaba nyekundu. Mirija yenyewe ni ya shaba nyeupe, ambayo upitishaji wake wa joto ni karibu 120 tu. Na kinachounganisha mrija na pezi ni lehemu ya risasi na bati, ambayo ni karibu 50. Kwa hiyo joto la maji halisafiri katika shaba ile niliyokuwa nikiisifu darasani. Linavuka mipaka mitatu kama abiria mwenye mizigo. Alumini nzuri huunganishwa katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 600, mrija na pezi vikawa kama kitu kimoja. Tena alumini ni nyepesi, uzito wake haufiki theluthi moja ya ule wa shaba, hivyo mrija unaweza kufanywa mpana, na kuta zake zikaongezwa unene kidogo usivimbe kwa mgandamizo, bila rejeta kuwa mzigo. Mirija mipana iliyopangwa safu mbili hufanya kazi ya myembamba iliyopangwa safu tatu au nne.

Kubwa kuliko yote, kikwazo kikuu cha joto hakimo ndani ya metali kabisa. Kipo pale pezi linapokabidhi joto kwa hewa. Hewa ni mpokeaji mzito wa mkono, na mbele yake tofauti ya shaba na alumini ni ndogo sana. Jibu la swali langu la mtihani lilikuwa sahihi, ila swali lenyewe halikuhusu rejeta.

Hata hivyo sikumpa muuzaji alama zote. Kipeperushi chake kililinganisha rejeta mpya ya alumini na kuukuu ya shaba. Huo si ulinganishi wa haki. Rejeta ya shaba ilipokuwa safi ilipanda milima ya Afrika Mashariki katika mashindano na kurudi na ushindi. Iliyochemsha njiani kwenda Gairo ni ukoko, si shaba. Aidha, kati ya vipeperushi viwili, kimoja kilisema kwa maandishi madogo kwamba mirija imeshikizwa kwenye matangi kwa gundi. Gundi hiyo hukaa katika maji ya moto na mtikisiko kila siku, na siku ikikubali kuachia, hakuna moto wala lehemu itakayoirudisha. Hicho nilikiweka kando mara moja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilikuwa kimejitembeza kwa bei rahisi mno.

Nikaenda kwa fundi na kile cha pili. Alikiangalia, akarudisha simu yangu taratibu.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini ikitoboka usiku huko mbele ya Gairo, nani ataiziba? Hii ya shaba, mtu yeyote mwenye moto na kipande cha risasi atakufikisha nyumbani. Halafu maji yetu haya ya kisima, Mwalimu, alumini hayaiwezi. Yatakula."

Hoja ya kwanza haina jibu, na mpaka leo sijaipata dawa yake. Hoja ya pili nilikubaliana nayo kabisa, na karibu niache mambo yote. Ni kweli: maji yenye chumvi huichimba alumini vishimo vidogo vidogo hadi inatoboka, wakati shaba huyavumilia. Nilirudi nyumbani nimeshaamua kumwomba fundi aizibe rejeta kuukuu mara moja zaidi.

Kesho yake nilikwenda Morogoro kuichukua silinda hedi iliyokuwa imenyooshwa. Fundi wa kule aliigeuza akanionyesha njia za maji. Zilikuwa zimeliwa. Kingo zilikuwa na vidonda kama mlango ulioingiwa na mchwa, na sehemu moja alikuwa amelazimika kujaza kwa kuchomelea. Nilimwuliza ni joto la siku ile? Akasema hapana, mzee, haya ni ya miaka. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo mwalimu wa fizikia hakupaswa kukumbushwa: katika injini ile bloku ni ya chuma, lakini hedi ni ya alumini. Imekuwa ya alumini tangu ilipotoka Japani.

Msomaji, niliduwaa. Tulikuwa tukibishana kama maji ya Magole yanaifaa alumini, na kumbe kwa miaka yote tulikuwa tukiyamimina juu ya alumini. Rejeta ya shaba ilivumilia, ikatubakizia ukoko tu, nasi tukadhani mambo ni shwari. Iliyokuwa ikilipa gharama ya maji yale ni hedi, mahali ambapo jicho halifiki. Mimi ndiye niliyekuwa nikichota ndoo kisimani. Mimi ndiye niliyekubali, miaka iliyopita, thamostati itolewe ili "maji yazunguke vizuri". Uvumilivu wa shaba ulinifundisha uzembe, nami nikauita uzembe huo uzoefu wa mazingira yetu.

Tangu hapo uhakiki wangu ulibadilika. Sikuuliza tena ni rejeta ipi iliyo bora, bali ni maji gani nitakuwa na nidhamu ya kuyatumia. Nikiendelea na maji ya kisima, rejeta yoyote itanifikisha tena kwenye hedi iliyooza. Nikitumia maji ya betri yasiyo na asidi, nusu kwa nusu na kile kimiminika cha rangi ambacho mafundi hukiita kulanti, basi hoja dhidi ya alumini inapungua nguvu, kwa sababu dawa inayoilinda hedi ndiyo hiyo hiyo inayoilinda rejeta.

Kulikuwa na adui mwingine wa kumchunguza, nao ni umeme unaopotea njia. Nilichukua kipima volti, ncha moja nikaigusisha kwenye kichwa hasi cha betri, ya pili nikaitumbukiza ndani ya maji ya rejeta bila kugusa metali, injini ikinguruma na taa zimewashwa. Kipimo kizuri hakizidi sehemu moja ya kumi ya volti. Mimi nilipata 0.4. Waya wa injini wa kurudishia umeme kwenye betri ulikuwa umeoza, na umeme ulikuwa ukijitafutia njia kupitia maji. Rejeta ya alumini ingetoboka mapema tu, nami ningemlaumu mwenye kiwanda.

Nilichagua alumini, ile ya tanuri. Ilipofika niliikagua: maungio yamenyooka, tundu la kumwagia maji lipo chini linapostahili, masikio ya kufungia ni membamba kuliko nilivyopenda. Kwa barabara zetu hilo ni kosa, kwani alumini iliyobanwa kwa boliti kavukavu hupasuka kwa mtikisiko. Fundi wangu ndiye aliyekata vipande vya mpira wa tairi na kuviweka kila penye boliti. Thamostati mpya ilirudi mahali pake. Ile rejeta ya shaba aliisafisha na kuiziba, nami nimeitundika ukutani kama akiba.

Nisieleweke vibaya. Fundi ana Land Rover 109 ya zamani inayobeba nyanya hadi sokoni Dumila. Injini yake ni chuma kitupu, bloku na hedi, na mwenyewe hushinda porini ambako kulanti haijulikani. Kwa gari lile ningechagua shaba bila kufikiri mara mbili, na anayeniuzia alumini kwa ajili yake angekuwa ananiuzia fahari tu. Hukumu yangu ni ya gari moja, la mtu mmoja, ambaye amechelewa kujifunza kusoma maji yake.

Tulipanda Gairo pamoja, mimi na fundi, mchana wa jua kali. Mshale wa joto ulifika katikati ukatulia hapo. Yeye hakusema neno. Alikuwa akiutazama mshale kama mtu anayesubiri mgeni asiyempenda. Tuliporudi aliomba chupa ya kulanti iliyobaki, akasema ana mteja.

Siku hizi nikipita pale mwembeni humsikia akiwauliza wanaoleta rejeta, kabla hata hajawasha moto: "Hedi ya gari lako ni chuma au alumini? Na maji unachota wapi?" Ni swali zuri kuliko langu la kidato cha pili. Laiti ningelitunga mimi, miaka ile nilipokuwa na chaki.