Rangi Ikiondoka, Nani Anashika Kazi Yake?

Kuna mazoea yamezagaa kwenye simu zetu: ukitaka picha ya mtu wa kijijini ionekane na uzito, unaitoa rangi. Mama anayeuza ndizi sokoni Kianjai anapigwa picha saa saba mchana, filta inamalizia, na sisi tunaandika "noma sana" chini yake. Hebu tuitazame tena. Macho ya mama hayaonekani. Udongo mwekundu, majani na leso yake vyote vimekuwa kijivu kimoja. Mbaya zaidi, anafanana na picha ya tangazo la mazishi, na kumbe yuko hapo anahesabu chenji.

Sisemi nyeusi na nyeupe imepitwa. Chukua ile picha maarufu ya 1963, Jomo Kenyatta akiwa na Musa Mwariama, jemadari wa Mau Mau kutoka huku Meru, aliyemaliza vita bila kukamatwa. Magazeti ya siku hizo yalichapwa nyeusi na nyeupe, basi. Hakukuwa na filta ya kuchagua. Kinachokushika ni nywele za Mwariama: misokoto yake inakuambia miaka ya msituni kabla hujasoma maelezo. Rangi huikumbuki.

Wala si lazima iwe vita. N. V. Parekh, aliyekuwa na studio Mombasa katikati ya karne iliyopita, alipiga watu wa mjini waliovalia vizuri, na taa zake ndizo zilizochora nyuso zao.

Kianjai hatuna taa za Parekh, ila jua tunalo, tena la ikweta. Mchana linasimama utosini na kujaza macho kivuli. Kwa hivyo nenda asubuhi, au msogeze mtu wako kwenye kibaraza cha duka, uso ukielekea nje. Gusa uso wake kwenye skrini kabla ya kupiga. Usipofanya hivyo, simu ikiona ukuta mweupe nyuma yake itapunguza mwanga, na ngozi nyeusi itageuka shimo. Ukihariri, usifute rangi kwa mkupuo. Programu nyingi zinakuruhusu kung'arisha nyekundu na kufifisha kijani, ili udongo na majani viachane.

Hizo ni mbinu, mtu anajifunza kwa wiki moja. Kazi ngumu ni kujibu kwa nini umeitoa rangi. Wapiga picha wa 1963 hawakudaiwa jibu hilo. Sisi tunadaiwa, kwa sababu simu imetupa rangi bure. Kuna picha zinazokataa kabisa. Miraa changa bila wekundu wa vijiti vyake ni kuni tu.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Tukipaka kijivu kila kitu kilicho nje ya Nairobi, tunasema huko ni zamani. Kianjai ina bodaboda, ina M-Pesa, ina vijana wanaobishana kuhusu Arsenal. Haijaisha. Kama kijivu chako kinatuonyesha mikunjo ya mkono unaopokea noti, sawa, kiweke. Kama kinamzeesha mama tu ili wewe uonekane msanii, mrudishie rangi yake. Siku akikuomba umtumie hiyo picha, iwe ile ambayo wajukuu wake watamtambua bila kuuliza alikufa lini.