Picha 36 za Ntare

Wiki mbili zimepita tangu tubandike picha hizi kwenye ukuta wa jumba la vijana hapa Base Camp, na mpaka leo sijasikia mtu akisema hata moja ni mbaya. Wote ni "kazi nzuri, endelea". Wageni wa mashirika ndio kabisa: wanasimama, wanatikisa kichwa kwa huruma, wanauliza mpigaji ana miaka mingapi. Hayo hayamsaidii. Ngoja mimi niseme juu ya picha zenyewe.

Kwa ambao hawajafika: ni mkanda mmoja wa filamu nyeusi na nyeupe, picha 36, karibu zote za Ntare School, Mbarara. Amezipiga dada mmoja wa kikundi chetu (ameomba jina lisiandikwe), na ndio mkanda wake wa kwanza maishani. Shule ile ilianza 1956 na ni ya wavulana. Museveni alisoma pale, na Kagame pia, aliyeletwa Uganda akiwa mtoto mkimbizi. Kwa majina hayo kila mtu hapa Nakivale ana lake la kusema, sitaingia huko. Nayataja kwa sababu picha kumi za kwanza zinayafuata: lango, kibao, jengo, tena jengo. Unaona mtu aliyeambiwa kwamba mahali hapa ni pakubwa, akapiga ukubwa. Hazina kosa, lakini sikumbuki hata moja nikishatoka nje.

Ya 12 ndiyo inaniuma. Wanafunzi watatu wamesimama mbele ya ukuta mweupe, jua la saa sita. Ukuta umetoka safi, unaona hata ufa. Nyuso ni madoa meusi, hakuna macho. Sababu yake si siri. Kipima mwanga cha kamera hakijui ukuta wala mtu, kinataka kila kitu kitoke kijivu cha katikati. Ukikijazia ukuta mweupe kinadhani mwanga umezidi, kinapunguza, na ngozi nyeusi ndiyo inalipa. Dawa ni kusogea karibu, upime mwanga usoni, ukaze vipimo hivyo hivyo, ndipo urudi nyuma upige. Kwenye simu ungeona ukafuta. Kwenye filamu unajua baada ya kusafisha, na wale vijana wameshaenda zao.

Mtu mmoja aliniambia giza lile lina maana, eti vijana wa Afrika hawaonekani. Hapana bwana! Wale waliombwa wasimame, wakakubali, na sura zao hatuna. Sisi ambao tumepigwa picha mara ngapi bila kuulizwa, kwenye foleni, na mtoto mgongoni, jambo hilo lingetuuma kuliko wote.

Inayopendwa na wengi ni ya 34. Mkanda haukusogea, basi lango alilopiga akiondoka na madumu aliyopiga bombani jioni, akisharudi, vimetoka kwenye picha moja. Wageni wanaipenda sana. Mimi naona inawapa kile walichokuja nacho tayari: kule shule, huku kiu. Tena ni kamera iliyofanya hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa anaangalia vitu viwili tofauti.

Ukitaka kujua anavyoangalia, nenda kwenye ya 27. Haina mtu. Ni mashati ya wanafunzi yameanikwa kwenye ua, mwanga wa alasiri, na moja limegeuzwa ndani nje. Kwapani limeshonwa kwa mkono, mishono mikubwa, ya mvulana asiyejua sindano. Amesogea mpaka unaona tundu za uzi. Hakuna rais hapo, na kwangu ndiyo picha pekee inayonionyesha kwamba ndani ya lile jina kuna watoto wanaishi. Wapo wanaojua kwamba dada huyu aliishia S.4 ada ilipokwisha, wanaanza kuipenda kwa sababu hiyo. Picha haihitaji msaada huo. Aliyewahi kushona sare usiku ili aivae kesho ataielewa bila kuambiwa.

Amebakiwa na mkanda mmoja. Anataka kurudi Ntare apige lango upya, safari hii saa moja asubuhi. Nimemwambia abaki hapa hapa, aanze na yule mama wa cherehani pale sokoni, apime mwanga usoni. Bado tunabishana.