Mgeni Akapewa Upanga
Yamada: The Samurai of Ayothaya (2010), filamu ya Thailand, inanoga pale samurai Mjapani aliyeokolewa na wenyeji anapojifunza upya kupigana, kwa goti na kiwiko. Buakaw, bingwa halisi wa Muay Thai, yumo, na mateke yake si ya mchezo.

Lakini hebu tazama bei ya makaribisho hayo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu anapewa upanga awakabili Wajapani wenzake, ndipo akubalike. Filamu inaiita shukrani, basi.

Yamada Nagamasa wa historia alipanda hadi kutawala jimbo la kusini, akafa 1630 katika vurugu za kugombania ufalme. Hadithi yenyewe iko hapo, na kamera haifiki.