Kiatu cha baiskeli kinachoingia kwenye oveni kwanza

Jamani, kidole kidogo kina nafasi! Leo asubuhi nilikuwa Barabara ya Magadi, jua la Olorgesailie likichoma lami mpaka inameta, miguu imevimba kama inavyovimba siku zote nikiteremka Bonde la Ufa, na vidole vyote vitano vimejitandaza ndani ya kiatu bila kimoja kupanda juu ya kingine. Kiatu chenyewe ni Bont Riot Road+, saizi 43, upana maradufu. Ndiyo kwanza nimekiingiza barabarani, na naandika kabla jezi haijakauka jasho.

Mwenye mguu mwembamba huenda asielewe shangwe hii inatoka wapi. Sisi wenye miguu mipana tunajua. Kiatu cha baiskeli hakinyumbuki kama raba. Soli yake ni kaboni au plastiki ngumu, kwa sababu kazi yake ni kupeleka nguvu ya mguu kwenye pedeli bila kupinda. Ukizungusha mara 90 kwa dakika, saa ikiisha mguu umesukuma mara 5,400, na kila mara mzigo unaangukia palepale, kwenye vichwa vya ile mifupa mitano iliyo nyuma ya vidole. Katikati ya mifupa hiyo inapita mishipa ya fahamu. Kiatu kikibana kutoka ubavuni, mifupa inasongamana na mishipa inafinywa. Inaanza ganzi kwenye vidole vya nje, kisha unakuja moto, moto wa kweli, mpaka unaona afadhali kusimama kando ya barabara, uvue kiatu na ukanyage nyasi peku huku wenzako wakiishilia kwenye kona.

Na dawa tunayopewa madukani ni ileile: chukua saizi kubwa zaidi. Haisaidii, na sababu yake ni hesabu tu. Namba za Ulaya zinapima urefu. Kutoka namba moja hadi inayofuata ni theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 6.7. Ukiruka kutoka 43 hadi 45 umejipatia zaidi ya milimita 13 za hewa mbele ya vidole, lakini upana umeongezeka kiduchu. Sasa kisigino kinacheza. Upinde wa wayo haukai penye upinde wa soli. Baya kuliko yote, matundu ya kufungia kliti, kile kipande kinachonasa kwenye pedeli, yamesogea mbele, kwa hiyo unasukuma pedeli kwa vidole badala ya kuisukuma kwa ile sehemu nene ya wayo, na goti linaanza kudai haki yake. Mguu mpana unahitaji kiatu kipana. Hakuna njia ya mkato.

Wala mguu mpana si kilema! Hili nalisema kwa sauti, maana nimewasikia watu wazima wakiomba radhi dukani kwa sababu ya nyayo zao. Mwaka 2009 Kristiaan D'Août na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watu wa India waliozoea kutembea peku na watu waliozoea viatu. Waliokulia peku walikuwa na wayo mpana zaidi sehemu ya mbele, na uzito wao ulisambaa vizuri zaidi chini ya mguu. Mimi nilikwenda shule ya msingi peku, kama wengi wa rika langu kijijini, na nikiutazama wayo wangu naona mguu ulioachwa ukue ulivyotaka. Kiatu ndicho kinachopaswa kuufuata.

Basi tuje kwenye oveni, kwa sababu hapo ndipo nilipochanganyikiwa kwa furaha.

Bont ni kampuni ya Australia iliyoanza mwaka 1975 kwa kutengeneza viatu vya mchezo wa skate. Anayeteleza kwenye barafu anasimama juu ya chuma chembamba, hawezi kuvumilia kiatu kinachocheza, na kampuni hii ilileta ujuzi huohuo kwenye baiskeli. Soli ya Riot haikukatwa bapa kama ubao. Kingo zake zinapanda juu kuzunguka kisigino na ubavu wa wayo, na ndani ya nyuzi zake kuna gundi ngumu inayolainika ikipata joto. Ndiyo, unakipasha kiatu moto nyumbani, jikoni kwako, kisha unakivaa kikiwa bado cha moto na kinakaa umbo la mguu wako!

Utaratibu wenyewe ni huu. Washa oveni ya umeme, iache ifike nyuzijoto 70, wala usizidishe hapo. Usiamini kitufe cha oveni: weka kipimajoto ndani, kwa kuwa oveni ya nyumbani inaweza kusema 70 ikiwa 90, na joto la kupita kiasi linaharibu gundi. Legeza vifungo vyote, weka kiatu kwenye sinia katikati ya oveni, kisigusane na kuta, subiri dakika 20. Kinapotoka kinanukia upya, ukikishika ubavuni unahisi ule ukingo wa kaboni, uliokuwa mgumu kama jiwe, unakubali kidole gumba kidogo. Vaa soksi zako za baiskeli, ingiza mguu, gonga kisigino chini mpaka kikae nyuma kabisa, funga, kaa kitini utulie mpaka kipoe.

Mguu wangu wa kulia una mfupa uliotokeza hapo chini ya kidole kidogo, na kila kiatu nilichowahi kuvaa kiligombana nao. Baada ya kiatu kupoa nilisikia bado panagusa. Nikakirudisha kwenye oveni, kisha kikiwa laini nikachukua bisibisi, nikaigeuza, na kwa kile kichwa cha mviringo cha mpini nikapasukuma pale mahali kutoka ndani kwenda nje, polepole, nikiacha kila mara nipime kwa kidole. Pakatoka kibonde kidogo, hata huwezi kukiona usipoelekeza kiatu kwenye mwanga. Nikavaa. Mfupa ukaingia mahali pake na kutulia! Na uzuri ni kwamba mguu ukibadilika baadaye, kiatu kinarudi kwenye oveni kama siku ya kwanza.

Hata bila moto, umbo lake linanifurahisha. Tazama viatu vingi vya baiskeli kutoka juu: ncha imechongoka katikati, kana kwamba kidole kirefu cha binadamu ni cha kati. Riot imenyooka upande wa kidole gumba na inapinda taratibu kuelekea nje, vile mguu wa mtu ulivyo. Mbele kuna mkanda wa velkro, juu kuna kigurudumu cha BOA kinachovuta uzi mwembamba. Kigurudumu hiki, ambacho Gary Hammerslag alikianzisha kwenye viatu vya snowboard mwaka 2001, ni rafiki mkubwa wa mguu unaovimba: unakivuta juu, uzi unaachia, unakaza upya kwa mlio mdogo mdogo, tik, tik, huku baiskeli inaendelea kwenda. Na leo nilikihitaji. Kutoka Kona Baridi kushuka mpaka Oltepesi joto linapanda kwa kila kilomita, na nilipofika chini nikaachia kidogo tu. Ule mkanda wa mbele sikuugusa safari nzima.

Kisha kupanda. Kurudi Kona Baridi ni mlima unaokuuliza maswali, na mimi huwa naanza kuchezesha vidole nikitafuta damu kabla sijafika nusu. Leo nilisimama juu ya pedeli, nikasukuma, nikangoja ganzi. Haikuja. Nikasukuma zaidi! Kisigino hakikuinuka, wayo haukuteleza, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nafikiria gia na pumzi badala ya kufikiria miguu. Soli ni ngumu kwelikweli, na ugumu ule haukuniumiza popote, kwa sababu sasa unafuata umbo langu.

Usikinunue kwa kutembelea. Ni kiatu cha barabarani cha skrubu tatu, kliti inatokeza chini, na ukiingia nacho hotelini kuagiza chai utatembea kama unavuka mto juu ya mawe. Wenye kliti za skrubu mbili, wanaopita vumbi na kubeba baiskeli mabegani, watafute toleo la Riot la baiskeli za milimani.

Kabla ya kuagiza, pima. Pima jioni, siku ambayo umesimama au kutembea sana, kwa sababu mguu wa asubuhi unadanganya. Simama kwa uzito wako wote juu ya karatasi ukiwa na soksi za baiskeli, mwombe mtu achore kuzunguka wayo akiwa ameshika kalamu wima kabisa, kisha pima urefu na sehemu pana zaidi kwa milimita. Fanya miguu yote miwili. Mingi haifanani, na unaagiza kwa kufuata ule mkubwa. Bont wana upana wa wastani, mpana na mpana maradufu, na vipimo vyao vinatumia hizo milimita, si namba ya raba uliyozoea.

Kama Bont haipatikani, bado hujakwama. Lake wanatoa viatu vipana na vipana zaidi. Shimano wana toleo la upana kwa baadhi ya viatu vyao, na hao ndio rahisi kuwapata huku kwetu kwa sababu gia zao ziko kila kona. Sidi wa Italia wana toleo pana liitwalo Mega. Ninyi mlioingia barabarani na baiskeli mpya tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yalipokuja Kigali Septemba 2025, na mnarudi nyumbani mnachechemea, angalieni neno la upana kwenye boksi kabla hamjaangalia rangi.

Mimi Jumamosi naelekea Limuru na viatu hivihivi, pale baridi ilipo, nione kama kigurudumu kitanikaza vizuri mguu ukiwa haujavimba. Oveni iko tayari endapo haitakuwa hivyo.